Mguu na Damu

Wanakijiji walipokuwa wakishusha bati za msikiti wa Namihuku, Daktari Oresta Nchimbi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya Bi Somoe Chitete, akinywa uji aliokaribishwa na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kummwagia usoni.

Kijiji kilikuwa kimebakiza siku kumi na tisa. Baada ya hapo malori yangekuja, na watu mia sita wangepelekwa kwenye mji mpya wa nyumba za saruji ulioitwa Tisa, kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kuutafutia jina. Yote hayo yalitokana na kidole gumba cha Oresta. Miezi miwili nyuma alikibonyeza kwenye kioo cha Msomaji, na kioo kikaandika maneno mawili: USHOROBA HAI, yaani njia ya tembo bado inapitwa.

Leo ilikuwa siku ya malalamiko. Sheria ilimtaka aliyetia gumba arudi kijijini, akae, asikilize, aandike. Haikumtaka abadilishe kitu.

"Ongeza sukari, mwanangu," alisema Bi Somoe. "Uji wa kufukuzwa usiwe mchungu mara mbili."

"Nashukuru, bibi. Unatosha."

"Naona hujazoea kukaribishwa. Huko kwingine wanakupokeaje?"

"Kwa mawe, mara moja. Mara nyingi kwa kununa."

"Basi sisi tumekupa uji. Kaliandike na hilo."

Oresta aliinamisha uso, akajitia kusoma karatasi zake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na kwa miaka kumi na moja watu aliowajua vizuri kuliko wote duniani walikuwa tembo ishirini na tisa wa Kundi la Mlima, upande wa kaskazini. Alijua nani mama wa nani. Alijua pia kwamba walikuwa wanaoana ndugu kwa ndugu, kwamba ndama watatu wa mwaka uliopita walizaliwa na miguu iliyopinda na hawakumaliza wiki. Walihitaji damu mpya, na damu mpya ilikuwa kusini, kwenye Kundi la Mto, kilomita tisini mbali. Katikati yake, kama mfupa kooni, kilikaa kijiji cha Namihuku.

Upepo ukageuka. Moshi ukatoka mlangoni mwa nyumba, na Oresta akasahau uji.

Harufu ile hakuna mtu angemfundisha. Majani yaliyochacha, magome, utamu kidogo kwa nyuma. Alikuwa ameipigia magoti nusu ya maisha yake ya kazi.

"Bibi, humo ndani mnachoma nini?"

Bi Somoe alitazama mlangoni. "Mjukuu wangu, Tabia. Degedege limemrudia tangu alfajiri. Mama yake anamfukiza."

"Zahanati je?"

"Zahanati!" Kikongwe alicheka bila furaha. "Ilifungwa siku ile ile tangazo lako lilipobandikwa. Nesi ndiye mtu wa kwanza kuhamishwa."

Oresta aliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa amekalishwa mapajani mwa mama yake, kichwa na mwili vimefunikwa khanga, na chini ya khanga kulikuwa na kigae cha makaa. Juu ya makaa liliungua bonge la kinyesi cha tembo. Oresta aliondoa khanga. Mtoto alikuwa moto, macho yamepinduka, lakini alikuwa anapumua. Walimkanda kwa maji yeye na yule mama, wakampa dawa ya homa iliyokuwa kwenye mkoba wa safari, wakakaa naye hadi mishtuko ikamwacha na akalia kilio kizuri cha mtoto mwenye hasira.

Hapo ndipo Oresta alipolishika lile bonge lililobaki, bado lina joto.

"Hiki mmekitoa wapi?"

"Kwa mdogo wangu, huko Mto. Hutuletea kila mwaka, kikapu kizima," alisema Bi Somoe. "Huku kwetu tembo hakuna tena, na dawa lazima itoke aliko mwenyewe."

"Na kinachobaki mnakitupa wapi?"

"Hakitupwi ovyo! Ugonjwa unakuwa umelala humo. Kinarudishwa kwa mwenyewe. Unakiweka kwenye njia yake ya zamani, unageuka, unakwenda zako. Ukitazama nyuma umerudi nao nyumbani."

Oresta aliligeuza lile bonge mkononi. "Mwezi wa tatu, bibi, baada ya ile mvua moja kubwa. Ulikiweka wapi?"

"Palepale pa siku zote. Penye mninga uliopigwa radi."

Oresta alipajua: hapo ndipo alipotia gumba.

* * *

Msomaji ulikuwa mrija wa ukubwa wa chupa ya chai. Tembo anapokunya, utumbo wake huacha utando mwembamba juu ya kinyesi, na ndani ya utando ule zimo chembe zake, na ndani ya chembe vimo vinasaba vyake, nusu ya mama na nusu ya baba. Ukikwangua utando kwa kijiti na kukitia kijiti ndani ya mrija, baada ya dakika sita utaambiwa ni tembo gani, mama yake nani, baba yake nani, babu zake walinywa maji ya wapi. Zamani kazi hiyo ilihitaji maabara na miezi. Sasa ilihitaji magoti tu.

Msomaji ulijua kila kitu isipokuwa kimoja. Ulisema kinyesi ni cha nani. Haukuweza kusema kimefikaje hapo kilipo.

Sheria ya Shoroba ilikubali ushahidi wa aina mbili, na watu wa kazi hii walikuwa na majina yao mafupi. Wa kwanza ni *mguu*: mnyama wa kundi moja ameacha alama yake njiani kuelekea kundi la pili. Wa pili ni *damu*: mtoto amezaliwa upande huu kwa baba wa upande ule. Ukipatikana mguu au damu, ushoroba u hai na watu wanaondoka. Visipopatikana ndani ya miaka kumi, ushoroba umekufa, na kundi lolote lililokatika lenye chini ya wanyama hamsini linaondolewa ili maji yao yapewe watu. Ukame ulikuwa umeingia mwaka wa kumi na nne. Maji ya Mlima yalikuwa chemchemi moja.

Muda wa Kundi la Mlima ulikuwa umebakiza wiki tatu Oresta alipopiga magoti chini ya mninga uliopigwa radi.

Alikumbuka vizuri, na hicho ndicho kilichomuuma. Hapakuwa na unyayo. Hapakuwa na tawi lililovunjwa wala gome lililochunwa. Alijiambia mvua imefuta. Alitia kijiti, akasubiri, na kioo kilipoandika jina la dume la Mto alilia kwa sauti peke yake porini, akatia gumba huku machozi hayajakauka. Mwanafunzi wake angefanya hivyo angemgombeza hadi akome.

Sasa aliketi ndani ya gari na kulisoma lile bonge la jikoni. Dakika sita. Dume la mwezi wa tatu na dume la kikapu walikuwa tembo mmoja. Tembo huyo hakuwa ametembea hata hatua moja kutoka kwao. Alikuwa ameletwa na mdogo wake Bi Somoe, kwenye kikapu cha ukindu, juu ya baiskeli.

Alimpigia Kibasa, mkuu wake wa kazi, na uso wake mpana ukatokea kwenye kioo cha gari, umechoka. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana."

"Basi nisikilize kama kaka yako, nisikilize na kama mkuu wako. Kufuta gumba si kusema samahani, nimekosea. Mfumo utakuuliza swali moja: kilifikaje? Na aliyekifikisha atajibu kwa mdomo wake, mbele ya hakimu."

"Najua."

"Unajua na kinyesi ni nini?"

Oresta alijua. Tangu siku Serikali ilipotambua kwamba vinasaba ni ushahidi, kinyesi cha mnyama wa porini kiliwekwa fungu moja na pembe na ngozi. Kilikuwa nyara. Kukutwa nacho bila kibali ilikuwa kifungo cha miaka sita, na hakimu hakuruhusiwa kupunguza hata siku moja.

"Ukinyamaza," alisema Kibasa, "watu mia sita watahama. Watalia, watatulaani, lakini watafika na watakula. Tembo wako wataishi. Ukisema, kikongwe anaingia jela na mimi natuma bunduki Mlimani. Sikuambii ufanye lipi. Nakuambia tu kwamba miaka kumi na moja umeutafuta mguu huo, na sasa unao."

"Ni mguu wa uongo, Kibasa."

"Ndiyo," alisema, akakata.

* * *

Angeweza kuwasha gari na kuondoka. Tuseme ukweli, aliliwasha. Lilinguruma muda mrefu huku akimtazama Bi Somoe kupitia kioo, anavyopepeta mchele kwa ajili ya mgeni aliyekuja kumfukuza. Kisha alilizima.

Alimweleza yote, polepole, bila kuruka kitu. Na alipokuwa anaeleza alikuwa anatumaini, na tumaini hilo lilimtia aibu, kwamba kikongwe angeogopa. Angemwambia, nyamaza mwanangu, sisi tutahama. Hapo kila kitu kingebaki kilivyo, na lawama ingekuwa na watu wawili wa kuibeba.

"Miaka sita," alisema Bi Somoe. "Kwa mavi!"

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akalazimika kuweka ungo chini na kujifuta macho kwa ncha ya khanga, na Oresta, ambaye hakuwa na la kuchekea, akajikuta naye anacheka.

"Waume wa kijiji hiki wamefungwa kwa mambo ya maana," kikongwe alisema alipopata pumzi. "Wake za watu, mbao za magendo. Mimi nitaulizwa gerezani, bibi umefanya nini? Niseme nini mimi?"

"Si lazima, bibi. Sijaandika kitu."

"Mume wangu amelala pale." Alionyesha kwa kidevu, nyuma ya msikiti usio na paa. "Na mama yangu. Na watoto wawili waliokufa kabla sijajua hiyo dawa. Hao watahamishwa na malori gani?" Akamgeukia Oresta. "Na wao je? Hao tembo wako. Ikijulikana kwamba hawapiti hapa, wanakwenda wapi?"

"Wanaondolewa."

"Kwa lori?"

"Hapana, bibi."

Bi Somoe alielewa. Alishika ungo, akapepeta mara mbili tatu, akauacha tena.

"Hapo ndipo uji unapokuwa mchungu," alisema. "Watoto wanne wa nyumba hii nimewafukiza kwa mavi yao, na wote wanne wapo. Sijawahi kumwona tembo mimi kwa macho yangu. Nawajua kwa harufu tu, kama mtu anavyomjua jirani kwa mchuzi wake."

"Sema nisiandike, sitaandika."

"Usinitwike hilo, mwanangu." Sauti yake haikuwa na ukali, na bado Oresta alisikia kama amepigwa kofi. "Mimi nitasema nilichofanya mimi. Niliweka nini, wapi, lini. Wewe sema ulichofanya wewe. Tembo ni wa hao wenye bunduki, wao wakajibu kwa Mungu."

Siku ya pili yake walikwenda pamoja mjini, kikongwe amekaa kiti cha mbele, amevaa khanga mpya, amebeba kifurushi cha nguo. Mbele ya hakimu alijibu kila swali kwa heshima. Alipoulizwa kama alijua kwamba mali ile ilikuwa nyara ya Serikali, alisema hakujua kwamba Serikali nayo hukitaka kitu hicho. Watu wakacheka, hakimu akaficha mdomo, kisha akasoma miaka sita.

Gumba la Oresta lilifutwa saa nane mchana. Saa tisa bati za msikiti zilianza kurudishwa juu.

* * *

Askari walikuja na bunduki siku ya Jumatano, asubuhi, kwenye chemchemi ya Mlima.

Sheria ilitaka kila mzoga usomwe ili jina lake lifungwe, na Kibasa alimwambia Oresta kwamba mtu mwingine angeweza kufanya kazi hiyo. Oresta alikataa. Alikaa kwenye mwamba na kutazama. Risasi zilichukua dakika kumi na mbili. Wapigaji walikuwa mafundi, na hawakutaka mnyama ateseke, na hilo lilikuwa kweli kabisa na halikusaidia chochote.

Kisha akashuka na mrija wake.

Alianza na Kibogoyo, dume mzee asiye na pembe. Akafuata Nunda, na Mkia Nusu, na Bi Shughuli aliyekuwa kiongozi wa kundi, ambaye aliwahi kumkimbiza Oresta hadi juu ya mti na kumweka huko siku nzima. Hakuhitaji Msomaji kuwatambua, lakini kwa kila mmoja alitia kijiti, akasubiri dakika sita zake, akatia gumba. Jua lilipanda. Askari walikaa kivulini wakizungumza kwa sauti za chini, kama watu waliopo msibani kwa mtu wasiyemjua vizuri.

Saa kumi alifika kwa wa ishirini na tisa, jike aliyeitwa Mpole. Alikuwa ameanguka kwa ubavu kando ya maji. Oresta alipozunguka upande wa tumbo akaona kwamba wapo wawili.

Ndama alikuwa hajahesabiwa. Sheria haikuhesabu ndama wa chini ya miaka miwili, maana wengi walikufa, na wa Mlima walikufa wote. Oresta alimwona kwa darubini mara mbili, kwa mbali, miguuni mwa mama yake, na hakujipa moyo. Sasa alimtazama kwa karibu. Alikuwa na miezi minne au mitano. Alikuwa mnene. Miguu yake yote minne ilikuwa imenyooka.

Oresta alishika mguu mmoja wa mbele, akaukunja, akaunyoosha. Alifanya hivyo kwa miguu yote. Halafu akatia kijiti kwenye ulimi wa ndama na kukiingiza kwenye mrija.

Dakika ya kwanza aliomba iwe hapana. Ya pili akaomba iwe ndiyo. Baada ya hapo aliacha kuomba.

MAMA: MLIMA 17, kioo kiliandika. BABA: HAKUSAJILIWA. UKOO WA BABA: MTO.

Chini yake, kwa herufi za kijani: DAMU. USHOROBA HAI. THIBITISHA KWA GUMBA.

Ndama alikuwa amekaa tumboni miezi ishirini na miwili. Kwa hiyo miaka miwili na ushee iliyopita, dume mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumsoma alitoka Mto, akatembea kilomita tisini, akapita Namihuku bila kuamsha hata mbwa, akafika, akazaa, akarudi kwao au akafia njiani. Bonge la chini ya mninga lilikuwa uongo, na jambo ambalo bonge lile lilisema lilikuwa kweli. Njia ilikuwa wazi muda wote. Kama angengoja, kama angepanda huku na kumtafuta ndama huyu badala ya kwenda mjini na ukweli wake mikononi, wote hawa wangekuwa wanakunywa maji sasa hivi. Oresta akanawa uso kwenye chemchemi yenye damu.

Kioo kilikuwa bado kinangoja.

Akitia gumba, ushoroba u hai. Sheria haikuuliza kama upande wa kaskazini kumebaki mtu wa kuupita. Malori yangegeuzwa kuelekea Namihuku, bati zingeshushwa mara ya pili, na Bi Somoe, akiwa gerezani, angesikia kwamba amefungwa ili kijiji kibaki, na kijiji hakikubaki. Asipotia, angekuwa ameusema ukweli siku ulipoua na kuuficha siku ulipokuja kumhukumu. Na dume yule, kama yu hai, siku moja angekuja tena. Angefika hapa na kukuta mifupa, na katikati ya safari yake kungekuwa na uzio, maana penye ushoroba uliokufa huwekwa uzio.

"Umemaliza, Daktari?" askari mmoja aliuliza kutoka kivulini.

"Bado mmoja," alisema. Kisha akasema, "Hapana. Huyu hayumo kwenye orodha."

Aliugeuza mrija, akabonyeza pembeni, kioo kikazimika na herufi za kijani zikaenda. Alichomoa kijiti. Alipiga magoti, kama alivyopiga magoti maelfu ya mara, akakirudisha kijiti kinywani mwa ndama na kuufunga mdomo ule mdogo juu yake.

"Nakurudishia, mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini.

Akasimama, akageuka, akaanza kupanda kuelekea kwenye magari. Alijua masharti. Alihesabu hatua zake, macho mbele, kama alivyoelezwa jikoni na mwanamke ambaye hakuwahi kumwona tembo.

Kwenye hatua ya saba akatazama nyuma.